Kala-azar: Sindano 34 Zilivyogeuka 14 (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha usubi ndani ya ufa wa kichuguu. Ni mdogo kuliko mbu, haimbi sikioni, na nyika zetu za Merti, Kenya, zina vichuguu vya kumficha. Mchungaji hupumzika hapo akitazama mifugo. Giza likiingia, usubi hutoka, humuuma na kumwachia vimelea vya kala-azar ambavyo huhamia kwenye bandama, ini na uboho. Asiyetibiwa, ni nadra kupona.

Leo tuzungumzie dawa. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano ya antimoni, siku 30 mfululizo, nayo huweza kuudhuru moyo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ichanganywe na paromomaisini, antibiotiki kongwe, kwa siku 17. Siku zilipungua kweli, lakini hebu hesabu: sindano mbili kila siku, jumla 34. Mtoto aliyekondeshwa na homa, paja lenyewe limebaki mfupa, utamdunga wapi?

Mwaka 2022 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanyiwa Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia chini ya shirika la DNDi. Kwetu wagonjwa walitibiwa Kacheliba na Kimalel. Antimoni iliondolewa, mahali pake pakaingia miltefosini, dawa ya kumeza ambayo awali ilitafitiwa kwa ajili ya saratani. Siku 14, sindano moja ya paromomaisini kwa siku. Waliopona ni takriban 91 kwa kila 100, sawa na tiba ya zamani. Kasoro yake kubwa: huweza kudhuru mimba, hivyo kwa wanawake hutolewa kwa uangalifu mkubwa.

Kwangu mimi, hata siku 14 ni nyingi. Mwenye ngamia fora, kwenye malisho ya mbali, hawezi kulazwa wiki mbili bila kuwaza nani anayewanywesha. Ndiyo maana naitazama zaidi LXE408, dawa ya kampuni ya Novartis na DNDi iliyoanza kujaribiwa kwa wagonjwa Ethiopia mwaka 2024. Hiyo ni ya kumeza tu. Hukwamisha kinu ambacho kimelea hutumia kusaga protini zake chakavu, taka zikamjaa hadi afe. Bado ni jaribio, asikuuzie mtu.

Kwa sasa, ndugu msomaji, homa ikipita wiki mbili na tumbo likavimba upande wa kushoto chini ya mbavu, usiridhike kuambiwa huna malaria. Omba upimwe kala-azar.