Springboki, swala anayeruka mbele ya adui

Swala akimwona duma, tunategemea atimue mbio papo hapo. Springboki mara nyingi hana haraka hiyo. Anainamisha kichwa, anakunja mgongo kama upinde, anakaza miguu yote minne, kisha anajirusha juu hadi kufikia mita 2. Akitua anaruka tena, na tena. Na mgongoni mwake panafunguka kitu cheupe ambacho muda mfupi kabla hakikuonekana.

Kitu hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ngozi ya mgongo wa springboki, kuanzia katikati hadi karibu na mkia, ina mkunjo mrefu. Mnyama akiwa ametulia, unaona mstari mwembamba tu. Ni kama pindo la kanga ambamo mama amefunga noti zake, mpita njia hajui kilichomo. Akishtuka, mkunjo unafunguka na nywele nyeupe, ndefu kupita zote mwilini mwake, zinasimama kama shungi. Humo ndani mna tezi zenye mafuta yanayonukia tamu, harufu inayofananishwa na ya asali. Wawindaji wa kusini mwa Afrika wanaijua vizuri, kwa sababu springboki anapokata roho mkunjo hufunguka wenyewe na harufu ikatoka. Mjerumani Zimmermann, aliyempa jina la kisayansi mwaka 1780, alichagua neno marsupialis, yaani mwenye mfuko. Jina la kawaida ni la Kiafrikaans: spring ni kuruka, bok ni mbuzi au swala. Mruko wenyewe kwa lugha hiyo unaitwa pronk, maana yake kuringa.

Lakini mbona aringe mbele ya anayetaka kumla? Jibu zuri kuliko yote ninayoyafahamu limetoka Serengeti, kwa swala tomi, ambaye naye huruka kwa miguu iliyokazwa. Mwaka 1988 Claire FitzGibbon na John Fanshawe walichapisha utafiti kuhusu swala tomi wanaowindwa na mbwa mwitu. Waliona kwamba mbwa hawachagui ovyo. Swala walioruka kwa kasi na wingi waliachwa. Waliokimbizwa zaidi ni wale walioruka kwa uvivu. Mbwa mwitu huwinda kwa kumchosha mnyama masafa marefu, hivyo anahitaji kujua mapema nani atachoka. Mruko unamjibu: nimekuona, pumzi ninayo, usijisumbue. Ni ujumbe usioweza kughushiwa, maana mgonjwa hawezi kujirusha mita 2 mara kumi mfululizo. Sidai kwamba hiyo ndiyo maana pekee ya mruko wa springboki. Huruka pia wanapochangamka tu, pasipo adui. Ila kwa mnyama ambaye anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa, naona ni busara kubwa kuionyesha nguvu kabla ya kuitumia.

Ukimwona kwa mbali unaweza kudhani ni swala tomi: kahawia juu, mweupe tumboni, mstari mweusi ubavuni. Springboki ni mkubwa kidogo, kilo 27 hadi 42, na uso wake ni mweupe wenye mstari mwembamba kutoka jichoni hadi pembe ya mdomo. Dume na jike wote wana pembe. Leo wanaishi Afrika Kusini, Namibia, Botswana na kusini magharibi mwa Angola. Zamani ukoo wao ulifika mbali zaidi. Katika Bonde la Olduvai, hapa Tanzania, yamepatikana mabaki ya jamaa yake aliyekwisha kutoweka, Antidorcas recki, aliyepewa jina la Hans Reck, mwanajiolojia aliyechimba Olduvai mwaka 1913. Katika jenasi hiyo nzima, springboki ndiye pekee aliyebaki hai.

Amebakije? Watu husifu mruko. Mimi namsifia zaidi namna anavyotunza maji. Majangwa anamoishi, Namib na Kalahari, ni sehemu ambako mito hupitisha maji siku chache, na miaka mingine haipitishi kabisa. Springboki akiyakuta maji atakunywa, lakini anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa, mradi apate majani na maua yenye unyevu. Majani mabichi yakiwapo hula nyasi. Yakikauka huhamia kwenye vichaka, na huko Kalahari huchimba mizizi na viazi vya porini. Hupenda kula alfajiri na usiku, wakati mimea imepoa na kufyonza unyevu wa hewa. Figo zake hukaza mkojo ili maji yasipotee bure.

Kisha kuna jinsi anavyosimama, jambo dogo ambalo hunigusa kila ninapolifikiria. Jua likiwa kali na hakuna kivuli, springboki hujigeuza matako yaelekee jua. Sehemu ndogo tu ya mwili ndiyo inayochomwa, na matako hayo ni meupe, hivyo mwanga mwingi unarudishwa. Baridi ya asubuhi ya Kalahari ikibana, hugeuza ubavu wa kahawia uote jua. Hatoi jasho wala hatumii nguvu, anageuka tu. Wafugaji wa Afrika Kusini wamezalisha springboki weusi na weupe, na waliochunguzwa wameonyesha jinsi rangi ilivyo na gharama: mweusi hupata nafuu msimu wa baridi kwa kuwa jua humpasha moto haraka, na msimu wa joto jua hilohilo humlemea.

Mnyama wa nchi kavu hivyo hana budi kufuata mvua, na hapo ndipo penye habari inayoniuma. Katika karne ya 19, springboki wa Karoo, nyika kavu ya Afrika Kusini, walihama kwa makundi ambayo wakulima waliyaita trekbokke. Mwaka 1849 waliingia mji wa Beaufort West. John Fraser, aliyekuwa mtoto wakati huo, alikuja kusimulia kwamba kwanza walisikia mvumo kama wa upepo unaotangulia mvua ya radi, kisha wanyama wakajaa barabarani na bustanini, springboki pamoja na nyumbu na pofu. Ilichukua siku tatu hivi hadi wote wapite, na nyuma yao nchi ilikuwa kama imeunguzwa moto. Mwaka 1896 Cronwright-Schreiner, mume wa mwandishi Olive Schreiner, alisimama na wenzake mbele ya msafara mwingine wakakadiria kwamba wanyama walioonekana kwa macho pale pekee walifika 500,000.

Huo ulikuwa miongoni mwa misafara mikubwa ya mwisho. Bunduki ziliwaua kwa maelfu, sotoka ikaingia mwaka huohuo, na seng'enge za mashamba zikakatakata Karoo vipande vipande. Springboki hawakuisha, leo wanazidi milioni moja, wengi wao wakiwa ndani ya mashamba ya watu. Sura yao imo kwenye jezi za timu ya raga ya Afrika Kusini tangu 1906, ikiwamo ile aliyovaa Nelson Mandela mwaka 1995. Kilichoisha ni safari.

Ipo sehemu ambayo bado wana nafasi ya kutembea. Mwaka 2000 Botswana na Afrika Kusini ziliunganisha hifadhi zao kuwa Hifadhi ya Kgalagadi. Mpaka wa nchi hizo mbili unapita katikati ya mto mkavu wa Nossob, na hauna uzio. Alfajiri springboki hushuka kwenye mchanga wa mto kula majani yenye umande, mguu mmoja Botswana, mwingine Afrika Kusini, na jua likichomoza hugeuza ubavu.