Mirdif: Ndugu Wawili, Pasi Mbili

Wasomaji wetu wanaotaka nyumba Dubai mara nyingi huitaja Mirdif. Ni mtaa wa makazi, kusini-mashariki mwa uwanja wa ndege, wenye majumba ya familia, skuli, misikiti na jengo la maduka la City Centre Mirdif lililofunguliwa mwaka 2010. Ndege hunguruma juu ya mapaa, lakini wenye watoto hupapenda.

Kabla ya kuuliza bei, tunawashauri mtazame pasi zenu. Sheria Na. 7 ya mwaka 2006 inawapa haki ya kumiliki ardhi Dubai raia wa Falme za Kiarabu na wa nchi wenzao za Ghuba. Wageni wengine hununua katika maeneo yaliyotengwa tu. Kwa Mirdif, mradi wa Mirdif Hills ni mfano wake.

Hivyo ndugu wawili wa Unguja, mmoja mwenye pasi ya Oman, mwingine ya Tanzania, hawaingii mtaa huu kwa mlango mmoja. Wa kwanza anaweza kununua. Wa pili, nje ya mradi kama huo, hupanga.

Anayepanga ahakikishe mkataba umesajiliwa Ejari. Mwenye nyumba akitaka kuiuza au kuihamia mwenyewe mkataba unapokwisha, sheria inamtaka atoe notisi rasmi ya miezi 12.

Hiyo ni kinga, si umilikaji. Sisi tunaoishi ugenini twajua: viza ikikatika, ufunguo hurudi kwa mwenyewe. Mwenye kupanga Mirdif asisahau kiwanja chake nyumbani.