Somo la Afya: Ganzi na Mwasho wa Mikono na Miguu

Kiongozi wa kikundi, ikiwa watu wako hawajatulia bado, wakalishe, kisha mwombe mmoja wao alete kipande kidogo cha pamba, kwa maana tutakihitaji kabla hatujaagana.

Somo la leo ni juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja. Umekaa mkekani ukisuka ukili, mguu mmoja umeukalia. Unainuka, na mguu si wako. Kisha unaanza kuchomwachomwa kama kwa vijisindano, na baada ya dakika mbili unapona. Hilo halitaki dawa. Lakini kuna mguu unaochoma usiku kucha bila kukaliwa na mtu, na kuna mkono unaowasha mwezi mzima. Hao ndio tunaotaka kuzungumza habari zao.

Katika mwili mna mishipa ya damu, nayo twaijua. Tena mna mishipa ya fahamu, ambayo ni kama nyaya za simu. Hutoka katika ubongo na uti wa mgongo, ikaenea mpaka ncha za vidole, nayo huleta habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Ulipoukalia mguu, waya ulibanwa ukanyamaza. Ulipouachia, ukaanza kupeleka habari ovyo ovyo. Na kwa kuwa nyaya zilizo ndefu kuliko zote ni zile ziendazo vidole vya miguu, magonjwa mengi ya mishipa ya fahamu huanzia huko.

Basi kwanza tutenganishe maneno mawili. Mwasho, mara nyingi, ni shauri la ngozi: mkono wataka kukuna, na ukikuna wapata nafuu kidogo. Ganzi, na ule mchomo wa vijisindano, ni shauri la waya wenyewe: hata ukikuna mpaka utoke damu, hupati kitu. Mtu akienda zahanati akasema tu "nawashwa", huenda akapewa dawa ya kupaka, kumbe ugonjwa uko ndani. Kwa hiyo semeni sawasawa.

Mwasho tutaupitia upesi. Ukizidi usiku, ukawa katikati ya vidole, katika vifundo vya mikono na kiunoni, tena watu wa nyumba moja wote wanajikuna, shuku upele. Huo huletwa na mdudu mdogo sana achimbaye njia ndani ya ngozi. Dawa yake ipo, lakini haifai kumtibu mtoto mmoja na kumwacha anayelala naye. Nyumba nzima ipakwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Mwasho waweza kuendelea majuma mawili baada ya mdudu kufa, basi msiseme dawa haikufanya kazi.

Wale mnaokaa karibu na mito iendayo kasi, kama watu wa Mahenge au wa milima ya Usambara, mwajua usubi. Nzi mweusi huuma na kuacha vijusi vya minyoo. Mtu huwashwa miaka, ngozi ikawa ngumu na yenye mabaka, na mwisho macho huweza kupofuka. Tangu mwaka 1987 dawa yake, ivermectin, imekuwa ikitolewa bure na kiwanda kinachoitengeneza. Inapoletwa kijijini, imezeni.

Sasa tuje kwenye ganzi, na hapa naomba masikio yenu yote.

Mguu ukianza kuchoma, husemwa mara moja mambo mawili: ni baridi, au mtu amekanyaga kitu alichotegewa. Mimi sibishani na mzee juu ya alichokanyaga. Namwomba tu kwamba juma hilo hilo apime damu, kwa sababu jambo la kwanza la kutafutwa ni kisukari. Ganzi ya kisukari huanza vidoleni, miguu yote miwili pamoja, kisha hupanda polepole kana kwamba mtu anavalishwa soksi. Huchoma zaidi usiku. Pengine mgonjwa ana kiu nyingi, anakojoa sana, anakonda. Lakini wengine hawana dalili hizo hata kidogo, na mguu ndio uliotoa habari. Kupima ni tone moja la damu kidoleni.

Tena sikilizeni jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Mgonjwa wa kisukari asema, "Zamani miguu ilinichoma, sasa haichomi tena, nimepona." Ole wake! Mguu unaochoma ungali unazungumza. Ulionyamaza huenda waya umekufa kabisa, na huo ndio mguu utakaokanyaga msumari na kutembea nao kutwa. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya vidole vya miguu usingizini, wakaamka asubuhi na kuona kidonda pasipo kusikia lolote. Basi mwenye kisukari aitazame miguu yake kila jioni, juu na chini, na kama macho hayaoni vema mjukuu amtazamie. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Asiote moto kwa miguu, wala asiichovye katika maji ya moto kabla mtu mwingine hajayapima kwa mkono.

Chakula nacho kina neno lake. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji uitwao Jakarta siku hizi. Huko watu wengi waliugua beriberi: miguu hufa ganzi, huchoma, kisha hulegea mpaka mtu hawezi kusimama. Daktari alikuwa akitafuta kijidudu. Kumbe kuku wa maabara yake wakaanza kupepesuka vivyo hivyo, halafu baada ya miezi wakapona wenyewe. Alipochunguza akaona kwamba kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliosalia katika jiko la hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, mtu wa sheria, akakataa kutoa wali wa jeshi kwa kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na miguu ikapata nguvu. Kilichotupwa pamoja na wishwa ndicho tukiitacho leo vitamini B1. Eijkman alishirikishwa tuzo ya Nobel mwaka 1929, na yule mpishi, nijuavyo mimi, hakupata hata asante.

Kwetu hapa anayepatwa na shida hii mara nyingi ni yule anywaye pombe kali kuliko anavyokula. Maharage, karanga na unga usiokobolewa humlinda mtu. Nyama, samaki, mayai na maziwa huleta vitamini nyingine, B12, ambayo pia mishipa ya fahamu huihitaji. Dawa nazo: mgonjwa wa kifua kikuu anywaye isoniazid aweza kupata ganzi ya miguu, nayo huzuiwa kwa vidonge vya vitamini B6. Asiache dawa ya kifua kikuu! Amwambie mganga wa zahanati.

Mama mjamzito, au fundi cherehani, akiamka usiku na ganzi katika kidole gumba na viwili vinavyofuata, mara nyingi ni mshipa uliobanwa katika kifundo cha mkono. Kwa mjamzito kwa kawaida hupungua baada ya kujifungua.

Lakini yako mawili yasiyongoja kesho. La kwanza: ganzi ikija ghafula upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda kombo au ulimi ukawa mzito, huo ni ugonjwa wa kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. La pili: mtu aliyeumwa na mbwa. Kidonda kimepona, na baada ya wiki kadhaa au miezi mahali pale panaanza kuwasha au kuchomachoma. Hiyo huweza kuwa dalili ya kwanza ya kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hapana anayepona. Ndiyo maana siku ile ile ya kuumwa kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu aende kuchanjwa, hata ikiwa mbwa ni wa jirani na jina lake mnalijua.

Sasa ile pamba. Nimesema kwamba kimya cha ngozi ni kibaya kuliko kelele yake, na hapana ugonjwa uonyeshao hivyo kuliko ukoma. Baka la ukoma huwa jeupe-jeupe au jekundu kidogo, na kwa kawaida haliwashi wala haliumi; kwa hiyo mtu hukaa nalo miaka bila kulijali, huku mishipa ya mkono na ya mguu ikiharibika. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norway, na huenda polepole mno: mtu aweza kuambukizwa leo na baka lionekane baada ya miaka 5, pengine 20. Hauambukizwi kwa kupeana mkono. Dawa zake hutolewa bure, nazo humezwa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ugonjwa. Anayezianza mapema, mkono wake hubaki mzima. Anayechelewa huponywa kijidudu, bali vidole vilivyokwisha kupinda havirudi vyenyewe.

Kiongozi, baada ya kipindi hiki, mtu mwenye baka asilolielewa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya pamba, mara katika ngozi nzima, mara katika baka, bila kufuata utaratibu, naye aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Asiyesikia pamba juu ya baka aende zahanati juma hili, na mwenzake mmoja wa kikundi amsindikize ikiwa anaona haya. Kisha mzungumze: ni nani katika kijiji chenu ambaye miguu yake ilikuwa ikichoma mwaka jana, na sasa asema imepoa? Mwendeeni.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya maji ya kunywa. Kwaherini.