Kijiti Kilichobaki Nyuma ya Jicho la Mtoto

Watoto hucheza na vijiti. Huchunga mbuzi, hupanda miti, hukimbizana katika shamba lililovunwa ambamo mabua ya mahindi yamesimama kama mikuki. Mmoja huanguka, akachomwa karibu na jicho. Mama huosha damu, akaona kidonda cha kope kisichozidi punje ya mtama, na mtoto aona vizuri. Basi humshukuru Mungu na kuendelea na kazi zake. Wiki mbili baadaye kope limevimba, usaha watoka, na jicho laanza kutokeza mbele.

Yafaa kujua umbo la mahali penyewe. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa ambalo kwa mtu mzima lina kina cha sentimeta 4 au zaidi, nalo hujaza sehemu ya mbele tu. Nyuma yake mna mafuta, misuli, na mshipa upelekao habari za kuona kwenye ubongo. Kijiti chaweza kupita kando ya jicho bila kulidhuru, kikavunjika humo, na ngozi ikajifunga juu yake. Dari ya tundu hilo ni mfupa mwembamba sana, na juu ya mfupa huo ni ubongo. Ndiyo sababu daktari huogopa tundu dogo katika kope la juu kuliko mkwaruzo mkubwa wa shavuni.

Mtoto mara nyingi huficha habari kwa kuogopa kiboko. Msimtishe. Mwulizeni aliangukia kitu gani, kisha kitafuteni. Ikiwa ncha yake imevunjika, kichukueni hospitali pamoja naye, maana kitamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Katika picha ya eksirei chuma huonekana wazi, na kioo mara nyingi, bali mti kwa kawaida hauonekani. Kwa hiyo picha safi si ushahidi kwamba hamna kitu. Hospitali kubwa hutumia mashine ya kompyuta ipigayo picha za kichwa vipande vipande. Hata hiyo hudanganyika pengine, kwa kuwa mti mkavu hufanana na hewa. Iko na mashine ya sumaku, lakini mtoto anayeshukiwa kuwa na chuma hawekwi humo, kisije kikavutwa na kukata jicho.

Mti huleta usaha, hivyo hauna budi kutolewa, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Chuma au kioo kilicho ndani sana, kisichomdhuru, daktari aweza kukiacha. Watu hushangaa kusikia hivyo, lakini kukifuata huweza kuharibu zaidi. Hupewa pia dawa za kuua viini, na sindano ya kuzuia pepopunda ikihitajika.

Nyumbani msifanye mengi. Kijiti kikiwa kimechomoza, msikichomoe, kwani huenda kinazuia damu au ncha yake imefika mbali. Funikeni kwa kikombe safi kisichogusa jicho wala kijiti. Msilikande jicho, wala msitie maziwa ya mama au maji ya majani. Msimpe chakula njiani, maana huenda akapasuliwa siku ile ile. Na mtoto aliyekwisha kurudi nyumbani, akiona vitu viwili viwili, akishikwa na homa, kutapika, au usingizi usio wa kawaida, arudishwe hospitali usiku huo huo, pasipo kungoja asubuhi.