Mjusi wa Kijani: Mpemba Asiye na Kwao Kwingine

Ndugu msomaji, ukisikia Pemba, fikra zako huenda kwenye karafuu. Lakini karafuu ililetwa. Yuko mwenyeji mwingine wa siku nyingi, ambaye wengi wetu hatumjui. Ni mjusi wa kijani kibichi, anayeishi juu ya migomba na minazi.

Mjusi huyu ni jamaa wa mjusi kafiri tumwonaye ukutani usiku, ila yeye hutembea mchana. Urefu wake, pamoja na mkia, hufikia sentimita 16 hivi. Mtaalamu Arthur Loveridge alimwandika mwaka 1941 kwa jina la kisayansi la Phelsuma parkeri. Kwao ni Pemba tu.

Kwa nini Pemba? Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Hata zama zile bahari ilipopungua, Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Ndugu zake wengi wako Madagaska, na wataalamu huamini kuwa wahenga wa ukoo huo walivuka bahari wakielea juu ya magogo.

HANA SUMU

Wako wanaomwua wakidhani ana sumu. Hana sumu, si menoni wala mkiani. Hula wadudu na kulamba utamu wa maua. Vidole vyake vina vinywele visivyoonekana kwa macho, navyo humshikilia kwenye jani laini pasipo gundi yoyote. Kwa kuwa hana kope za kufumba, husafisha macho yake kwa ulimi. Akishikwa mkia huuacha ukirukaruka, naye akaokoka. Baadaye huota mwingine.

Uzuri wake umemponza, kwani ng'ambo wako wanaopenda kumfuga. Tangu mwaka 1977 biashara ya kimataifa ya ukoo huu inadhibitiwa kwa mkataba. Lakini mkataba haulindi mti unaokatwa wala mjusi anayepigwa jiwe.

Wapemba wamekwisha kuonyesha njia. Popo wao, naye wa kisiwa hicho pekee, alikaribia kwisha katika miaka ya 1980. Wanavijiji wa Kidike na kwingineko waliacha kumwinda, wakamlinda, naye akaongezeka.

Basi, mzazi, mweleze mwanao mapema. Mjusi huyu jike hutaga mayai mawili tu kwa mara moja, wala hana kisiwa cha akiba. Akitoweka Pemba, ametoweka duniani.