Usiuogope mlingoti kabla ya kujua kazi yake

Huenda hata mtaani kwako pana mzozo wa aina hii. Jirani amekodisha kona ya ploti yake kwa kampuni ya simu, mlingoti mrefu wa chuma umesimamishwa, na sasa yeye anapokea kodi huku wenzake wakipokea hofu. Akina mama wanauliza kama watoto wataugua. Wazee wanataka ung'olewe. Ajabu ni kwamba jioni watu hao hao hulalamika kuwa simu hazishiki vizuri. Kabla hujachukua upande wowote, ni vyema ujue mlingoti huo hufanya kazi gani.

Wengi hudhani kwamba ukimpigia shangazi aliye Kitale, sauti yako huruka angani kutoka simu hadi simu. La hasha! Simu yako huzungumza na mlingoti ulio karibu nawe, basi. Hapo sauti, ambayo tayari imegeuzwa kuwa tarakimu, hupokewa na kupelekwa kwa nyaya za faiba, au kwa vile visahani vya mviringo vilivyofungwa mlingotini, hadi kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Mitambo hiyo huutafuta mlingoti ulio karibu na shangazi, nao ndio humrushia maneno yako.

Lakini mitambo itajuaje shangazi yuko wapi? Simu iliyowashwa hujitambulisha kwa milingoti mara kwa mara, hata ikiwa imelala mfukoni. Anapopigiwa, milingoti ya eneo alikoonekana mwisho huita kama mpiga mbiu: mwenye nambari hii yuko wapi? Simu yake huitika kabla hata haijalia. Isipoitika, ndipo wewe huambiwa kwamba mteja hapatikani.

Vile vibao virefu vilivyosimama wima kileleni ndizo antena. Mara nyingi huelekezwa pande tatu, kila upande ukihudumia thuluthi moja ya eneo. Masafa ya redio ni machache na watu ni wengi, hivyo nchi hugawanywa katika maeneo madogo madogo mithili ya vyumba vya sega la asali. Wazo hili liliandikwa na wahandisi wa maabara za Bell nchini Marekani mwaka wa 1947. Wahubiri wawili wakipaza sauti katika soko moja watavurugana, lakini mmoja akiwa Kawangware na mwingine Kayole, kila mmoja atasikika kwake. Vivyo hivyo masafa yale yale hutumiwa tena na mlingoti ulio mbali. Nawe ukiwa kwenye matatu kutoka Nairobi kwenda Nakuru, milingoti hupokezana mazungumzo yako kama wanariadha wanavyopokezana kijiti, wala hutambui.

Sasa tuje kwenye kiini cha mzozo. Mlingoti huiagiza simu kila mara ipandishe au ishushe nguvu zake. Ukiwa karibu na mlingoti, simu hunong'ona. Ukiwa mbali, au ndani ya nyumba yenye kuta nene, hulazimika kupiga kelele. Simu za GSM za masafa ya 900 zinaweza kufikia wati 2 zikiwa mbali, na zikiwa karibu hushuka hadi sehemu ndogo sana ya wati moja. Ndiyo maana betri huisha upesi kijijini penye mtandao hafifu. Aidha, ndiyo maana kuung'oa mlingoti hakuondoi mawimbi: huzifanya simu zilizo masikioni mwenu zitoe mawimbi zaidi.

Mawimbi haya si kama eksirei. Hayana nguvu za kuvunja chembechembe za mwili. Tena hupungua haraka: umbali ukiwa maradufu, nguvu hubaki robo. Antena huyarusha mbele, kuelekea mbali, wala si chini ya miguu yake. Ni kweli kwamba mwaka wa 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa haba. Mwaka wa 2024, uchambuzi wa tafiti ulioagizwa na WHO haukupata uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo.

Hofu isiyo na maarifa ina gharama. Mnamo Aprili 2020 nchini Uingereza, watu waliodanganywa kwamba 5G ilileta korona walichoma milingoti kadhaa. Mmojawapo ulihudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa korona mjini Birmingham, ambako jamaa hawangeweza kuwajulia hali wapendwa wao ila kwa simu.

Hata hivyo, mlingoti si wa kuchezewa. Wakanye watoto wasiuparamie: pana umeme, pana kuanguka, na kusimama karibu kabisa mbele ya antena ni hatari. Jenereta ikiwanyima usingizi au moshi wake ukiingia nyumbani, hayo ni malalamiko ya haki. Yapelekeni kwa NEMA. Mradi ukiwa bado ni pendekezo, ulizeni kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira na mtoe maoni mapema.

Nyumbani nako, mtandao ukiwa hafifu, sogea dirishani au utoke nje. Tumia spika, au utume ujumbe mfupi badala ya kuibana simu sikioni kwa nusu saa. Na majirani wakiitisha mkutano kuhusu mlingoti, nenda. Waulize kwanza swali moja: ukiondolewa huu, usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, simu zetu zitaufikia upi?