Papa Ana Kitovu

Wavuvi wengi wa Bagamoyo huvua papa kwa jarife. Hutoka na mashua au ngalawa, hutega nyavu usiku, na hurudi alfajiri. Mimi sina chombo. Kazi yangu ni katika mashine ya kusaga nafaka. Jumatatu mpaka Ijumaa nguo zangu ni nyeupe kwa unga. Lakini nilizaliwa katika nyumba ya mvuvi. Kwa hiyo Jumamosi mojamoja huchukua mshipi, nikaenda kuvua papa nikiwa nimesimama ufukweni.

Safari hii nilikwenda na binti yangu. Ana miaka 12, yuko darasa la sita. Alikuwa ameniomba kwa muda mrefu. Mama yake aliweka sharti moja tu: Jumapili kabla ya magharibi tuwe nyumbani, kwa maana Jumatatu ni shule. Majirani wawili watatu walisema, "Mtoto wa kike na papa, wapi na wapi?" Sikuwajibu. Wanawake wa pwani hutanda dagaa kwa nguo tangu zamani, na hakuna anayewauliza.

Nilikuwa na haja yangu pia. Viatu vya shule vya mtoto vilikuwa vimechakaa, kisigino kimoja kimebanduka. Nilijua kwamba nikipata papa watatu au wanne, hata wakiwa wadogo, wachuuzi watawanunua, na viatu vitapatikana. Nasema wazi ili msomaji ajue nilikwenda pwani na hesabu gani kichwani.

Kuchagua siku

Ndugu msomaji wa bara huenda hajui kwamba bahari hujaa na kupwa kila siku, mara mbili. Wavuvi huchagua siku kwa kuutazama mwezi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Pwani yetu haina kina. Wakati wa bamvua, maji yakipwa huenda mbali, ukatembea juu ya mchanga mpaka uchoke kabla ya kuyafikia.

Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Maji hayaendi mbali. Siku hizo hupwa karibu saa kumi jioni. Kisha huanza kujaa, na huendelea kujaa mpaka karibu saa nne usiku. Hayo ndiyo tuliyoyataka. Papa hufuata maji yanayojaa, na hupenda kutafuta chakula giza linapoingia.

Tulitoka mjini alasiri. Tulishika njia ya kaskazini, tukapita mashamba ya chumvi, tukaelekea upande wa mlango wa mto Ruvu. Huko kuna mikoko mingi. Maji ya mto huleta tope, na bahari huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hatukufika mlangoni penyewe. Mto Ruvu una viboko na mamba, na mimi nilikuwa na mtoto wa watu wawili, wangu na wa mama yake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mshipi wa nailoni nene, urefu wa pima 50. Mwisho wake niliunga waya wa chuma, kwa sababu meno ya papa hukata nailoni kama uzi wa kushonea. Kwenye waya palikuwa na ndoana kubwa. Juu kidogo palikuwa na chubwi ya risasi. Chambo chetu kilikuwa vibua wabichi waliokatwa nusu.

Mwisho wa pili wa mshipi nilifunga kwenye kigingi kilichozama mchangani. Binti yangu aliuliza kwa nini nisiufunge mkononi, ingekuwa rahisi. Nikamsimulia habari ya mjomba wangu. Yeye aliuzungusha mshipi mkononi, papa akavuta, na kidole kimoja kikabaki baharini. Tangu nikiwa mdogo niliuona mkono ule wenye vidole vinne kila alipokuja kula kwetu.

Nilimwonya jambo lingine. Chambo husafishwa nchi kavu. Haifai kusimama majini giza limeingia huku damu ya samaki inachirizika miguuni pako. Unaingia mpaka magotini, unatupa, unarudi.

Usiku wa Jumamosi

Samaki wa kwanza alikuwa taa. Binti yangu alinyoosha mkono kumshika mkia. Nikampigia kelele, maana mkia wa taa una mwiba wenye sumu. Taa alijipigapiga kwenye maji machache, ndoana ikamtoka, akaenda zake.

Kama saa moja na nusu mshipi ulitetemeka tena. Haukuvutwa kwa nguvu. Nilimwachia mtoto auvute mwenyewe. Akatoka papa mdogo, urefu wa dhiraa moja hivi. Kichwa chake kilikuwa kipana kama nyundo, jicho moja huku na jicho jingine kule. Alikuwa pingusi.

Nilimmulika kwa tochi. Binti yangu alimgeuza tumbo juu.

"Baba, mbona ana kidonda?"

Nikatazama. Katikati ya mapezi ya kifuani palikuwa na alama ndogo ambayo ilikuwa haijafunga vizuri.

"Si kidonda," nikamwambia. "Ni kitovu."

"Samaki ana kitovu?"

"Huyu anacho. Amezaliwa siku hizi hizi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Swali hilo lilinirudisha nyuma miaka mingi. Nilipokuwa na umri kama wake, marehemu baba alileta pingusi jike aliyenaswa na jarife. Alikuwa mrefu kuliko mtu mzima. Watoto wote wa mtaa tulikimbia kumtazama. Mnunuzi wa mapezi alifika kabla ya mnunuzi wa nyama. Ini lilitengwa kwa kupikwa sifa, yale mafuta yanayopakwa vyombo vya mbao, ambayo harufu yake haitoki mkononi kwa siku tatu. Baba alipopasua tumbo, walitoka watoto. Wengine walikuwa bado wanajipinda. Tuliwahesabu: 22. Watu walishangilia. Mimi pia nilishangilia. Watoto wale tuliwala kwa nazi na ukwaju, wakawa watamu sana.

Siku hizi sioni pingusi wa kimo kile wakiletwa ufukweni kwetu. Nawaona wa dhiraa moja.

Papa hazai kama dagaa

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wavuvi wengi tunalijua nusu. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu. Mayai huelea baharini, mengi huliwa, na machache huwa samaki. Lakini hata hayo machache hutosha, na mwaka unaofuata samaki wa aina hiyo huzaa tena. Dagaa ni hivyo.

Papa si hivyo. Wapo papa wanaotaga mayai, tena machache, kila yai ndani ya mfuko mgumu. Lakini wengi huzaa. Mtoto wa pingusi hulelewa tumboni, akilishwa kwa uzi wa kitovu, karibu mwaka mzima, kama mimba ya punda. Jike hafiki umri wa kuzaa mpaka awe na miaka zaidi ya kumi. Anapozaa, watoto ni kumi na kitu, ishirini, au thelathini na zaidi kidogo. Wengi wao hawaumalizi mwaka wa kwanza. Mfugaji yeyote anaelewa hesabu hii. Ukichinja mitamba kila mwaka, zizi litakuja kubaki na miti yake.

Tena pingusi jike haachi watoto wake katika bahari kuu, ambako papa wakubwa watawala. Huja kuzaa katika maji ya tope, karibu na nchi kavu. Watoto hukaa huko wakila samaki wadogo na kamba. Mahali pa namna hiyo ndipo nilipokuwa nimetupa ndoana yangu.

Dunia nzima imeliona jambo hili. Mwaka 2019 wataalamu waliwaweka pingusi wakubwa katika daraja la juu kabisa la viumbe walio karibu kutoweka. Tangu Septemba 2014 aina tatu za pingusi zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania imeutia saini. Katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022 waliongezwa pingusi wote waliobaki na jamii kubwa ya papa wa kawaida. Mkataba huo haukatazi mtu kula mchuzi wa papa nyumbani kwake. Unasema kwamba mapezi na nyama za papa hao zisivuke mpaka bila kibali cha serikali.

Yuko mwenzao ambaye amefika mbali zaidi katika njia hiyo. Ni papa upanga, mwenye pua ndefu kama msumeno. Alipenda milango ya mito. Wazee wanamkumbuka, na misumeno yake ilitundikwa ukutani. Binti yangu hajapata kumwona hata mmoja.

Tunafanya nini?

Basi nilisimama pale na tochi. Nilikuwa na pingusi mmoja mkononi na viatu kichwani. Mtoto ananitazama.

Nilimtoa ndoana. Tuliingia naye majini mpaka magotini, tukamshika ameelekea kwenye wimbi, maji yapite kwenye mashavu yake. Baada ya muda alitikisa mkia, akaondoka.

Nilitaka hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Pingusi wa pili alinaswa baada ya nusu saa, na tulipomvuta alikuwa amekwisha kufa. Pingusi hufa upesi sana akinaswa. Tulimshika majini kwa muda mrefu. Alilala upande. Huyo tulimweka kikapuni, kwa sababu kumtupa kusingemfufua.

Ndipo nikaona kwamba kuwarudisha hakutoshi. Kosa lilikuwa mahali. Nikaukunja mshipi. Binti yangu aliuliza kama tumeshindwa. Nikamwambia tunahama.

Najua kuna atakayesema kwamba mshipi mmoja si kitu. Ni kweli. Nyavu za macho madogo zinazokokotwa kwenye maji hayo hayo hukusanya watoto wa papa wengi kwa usiku mmoja kuliko mimi kwa mwaka. Wenye nyavu hizo nao wana watoto na viatu. Hata hivyo mimi huulizwa habari ya ndoana yangu.

Tulirudi upande wa mji, kwenye mchanga mweupe na maji safi zaidi. Tuliwasha moto, tukala mihogo, tukalala kando ya ngalawa ya jamaa mmoja. Mwezi ulituchwea karibu usiku wa manane.

Papa wa Jumapili

Alfajiri maji yalianza kujaa tena. Tulitupa mara tano bila kitu. Saa mbili na nusu mshipi ulikaza, kigingi kikaegama. Tulivuta wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa papa wa rangi ya kijivu, mwembamba, urefu kama kutoka ardhini mpaka kiunoni mwangu.

"Huyu naye mtoto?" binti yangu akauliza.

Nilimwonyesha namna ya kutazama. Papa dume ana viungo viwili kama vidole, karibu na mapezi ya tumboni. Vikiwa vifupi na laini, bado hajakomaa. Vikiwa virefu na vigumu, ni mtu mzima. Aligusa, akasema ni vigumu. Iko aina ya papa ambao hata wakizeeka hawapiti mita moja kwa kiasi kikubwa. Hao hukua upesi kuliko pingusi. Huyu alikuwa mmoja wao. Tukamchukua.

Papa hachelewi kuharibika. Nyama yake hutoa harufu kali kama ya mkojo, inayoingia mpaka puani. Kwa hiyo tulimtoa damu na matumbo pale pale, tukamwosha kwa maji ya bahari. Nyumbani nilimkata vipande virefu vyembamba. Kwa kilo 3 za samaki nilitumia kilo 1 ya chumvi. Nilivipanga ndani ya ndoo, chumvi chini, chumvi juu. Siku ya pili niliviosha kidogo na kuvianika juu ya kichanja. Visianikwe mchangani. Usiku hufunikwa ili umande usivilowe. Kwa jua la kaskazi hukauka kwa siku tatu au nne. Kabla ya kupika hulowekwa, maji yakamwagwa, ndipo hutiwa nazi.

Jambo moja la afya. Papa wakubwa, walioishi miaka mingi, hukusanya zebaki mwilini. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto. Mama mjamzito na watoto wadogo wasizoee kula nyama ya papa wakubwa.

Papa mmoja hakununua viatu. Nusu tulikula, nusu nikauza kwa mama mmoja anayepika chakula karibu na stendi. Yule pingusi mdogo tulimpika usiku ule ule wa Jumapili. Binti yangu hakumla, nami sikumlazimisha.

Jumatatu alikwenda shule. Aliporudi alisema kwamba amewaambia wenzake papa ana kitovu, na darasa zima limecheka. Mwalimu alitaka kujua amesoma kitabu gani. Akajibu kwamba amemshika.

Fundi amevishona vile viatu vya zamani. Labda vitafika likizo.